MTOTO ASIYELIA

Katika mitaa ya Kasingirima, Ujiji, kama ilivyo katika mitaa mingi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, habari ya mtoto kuzaliwa haihitaji mjumbe. Wanawake wanaosubiri nje ya mlango huisikia wenyewe. Sauti kali hupenya, vigelegele hupigwa, na mzigo uliovilemea vifua vya watu hutuka. Lakini zipo nyakati ambapo dakika hupita na sauti haisikiki. Wanaosubiri hutazamana. Mwishowe mmoja hutoka ndani akiwa ameinamisha kichwa, na jambo lote humalizwa kimya kimya: sanda ndogo, kaburi dogo, na maneno machache ya kumliwaza mama.

Uzito wa kilio hicho haukugunduliwa na wataalamu wa leo. Tangu kale wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walikihesabu kilio kuwa miongoni mwa dalili za uhai: mtoto aliyelia kisha akafariki huswaliwa, na hupata fungu lake katika mirathi. Sayansi ya leo imeongeza swali moja tu juu ya hekima hiyo. Je, mtoto asiyelia ni lazima awe amekwisha kufa? Jibu la utafiti, ambao sehemu yake kubwa imefanyika katika hospitali za Tanzania, ni kwamba si lazima. Jibu hilo lina madai yake kwa mkunga, kwa daktari, na vilevile kwa mwalimu aliye mbele ya ubao.

Hesabu isiyoshuka sawasawa

Yafaa kwanza zitazamwe tarakimu. Uchunguzi wa kitaifa wa uzazi na afya wa mwaka 2004-05 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Tanzania, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio makubwa, na chanjo, vyandarua na tiba bora ya malaria vina sehemu yake katika sifa hiyo.

Lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vimepungua kwa mwendo wa kobe. Katika uchunguzi wa 2004-05 vilikuwa 32 kwa kila vizazi hai 1,000. Katika ule wa 2015-16 vilikuwa 25. Na katika ule wa 2022 vilikuwa 24. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuligawanya fungu hilo mwenyewe. Mwanzoni, vifo vya vichanga vilikuwa chini ya theluthi moja ya vifo vyote vya watoto walio chini ya miaka mitano. Sasa ni zaidi ya nusu. Chandarua humkinga mtoto aliye hai na mbu. Hakimsaidii kitu yule ambaye hakuipata pumzi yake ya kwanza.

Pumzi ya kwanza

Kabla ya kuzaliwa, mapafu ya mtoto yamejaa maji, wala hayana kazi ya kuvuta hewa. Oksijeni humjia kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Mara tu azaliwapo, mambo mengi hutukia kwa pamoja. Mtoto huvuta hewa kwa nguvu, maji hunyonywa kutoka katika mapafu, mishipa ya damu iliyokuwa imebanwa hufunguka, na damu iliyokuwa ikipita kando huelekea sasa katika mapafu ili kuchukua oksijeni. Kilio ni ishara ya nje tu ya mageuzi hayo ya ndani.

Iwapo mtoto amekosa oksijeni wakati wa uchungu, huenda asivute pumzi hiyo. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama na Geoffrey Dawes na wenzake katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba kukatika kwa pumzi kuna hatua mbili. Katika hatua ya kwanza kichanga hunyamaza, lakini moyo ungali ukipiga. Kumkausha na kumsugua mgongoni kwaweza kutosha kumwamsha. Katika hatua ya pili hulegea kabisa, na moyo huanza kudhoofu. Hapo kusugua hakufai tena: ni lazima hewa iingizwe katika mapafu yake kwa mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo. Kwa macho matupu, mtoto wa hatua ya kwanza na wa hatua ya pili hufanana. Huweza pia kufanana na mtoto aliyekufa.

Dakika moja na thamani yake

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika Mkoa wa Manyara, iko mbali na miji mikubwa, lakini imekuwa mojawapo ya vituo mashuhuri duniani katika uchunguzi wa jambo hili. Watafiti waliwaweka waangalizi katika chumba cha kujifungulia, wakapima kwa saa muda unaopita baina ya kuzaliwa na kusaidiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, kwa watoto waliohitaji kupuliziwa hewa, kila nusu dakika ya kuchelewa iliambatana na ongezeko la asilimia 16 katika hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana wakunga hufundishwa kuiita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu.

Kuanzia mwaka 2009 wahudumu wa hospitali nane za Tanzania walifundishwa hatua chache zilizopangwa vizuri: kumkausha mtoto, kumpa joto, kumsugua, na asipopumua, kumpulizia hewa kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila vizazi hai 1,000.

Katika ripoti hiyo imo tarakimu nyingine isiyostahili kupitwa. Watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao miili yao ilionyesha kwamba walifariki muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa, walipungua nao kutoka 19.0 hadi 14.5 kwa kila 1,000. Mfuko wa hewa haumfufui maiti. Basi punguzo hilo lilitoka wapi? Yawezekana kwamba uangalizi wa uchungu nao uliboreka. Lakini sababu iliyo karibu zaidi na akili ni kwamba baadhi ya watoto waliokuwa wakiandikwa wafu zamani hawakuwa wafu. Walikuwa hai, ila hawakulia.

Mwanafunzi makini atauliza kama kulinganisha kabla na baada kunatosha kuwa ushahidi, maadamu mambo mengine nayo huenda yalibadilika katika miaka hiyo. Swali hilo ni la haki, na watafiti wenyewe wamelifanyia kazi. Mpango mpana zaidi, ulioongozwa kutoka Haydom, ulitekelezwa katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa ya Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora, jirani wa Kigoma. Mikoa iliingizwa katika mpango kwa zamu, ili ile iliyosubiri iwe kipimo cha ile iliyokwisha kuanza. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha kwamba vifo vya vichanga katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa takriban asilimia 40.

Kujua si kuweza

Kuna fundisho jingine kutoka Haydom ambalo kila mwalimu angelitafakari. Mwanzoni wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja. Walipojaribiwa kwa mwanasesere, walifaulu vizuri. Lakini walipochunguzwa wakiwahudumia watoto halisi, ilionekana kwamba utendaji wao haukubadilika kama ilivyotarajiwa. Walikuwa wamejua bila ya kuweza. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, na vifo vya saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000, kama ilivyotangazwa mwaka 2015. Anayekariri usiku mmoja kabla ya mtihani na kusahau wiki inayofuata hana budi kujitambua katika habari hii.

Somo la Kigoma

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Kigoma inasubiri tu kufundishwa na wengine. Baina ya mwaka 1984 na 1991, marehemu Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake wa Hospitali ya Mkoa wa Kigoma walichunguza kwa nini akina mama walikuwa wakifariki kwa uzazi, wakatekeleza hatua 22 ambazo kwa sehemu kubwa zilitegemea watu na vitu vilivyokuwapo pale pale. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, yaani kwa takriban asilimia 80, katika miaka ambayo uchumi wa nchi ulikuwa na dhiki kubwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1995 na kusomwa na madaktari wa nchi nyingi. Ni haki ijulikane pia na wanafunzi wa Ujiji.

Baadaye uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 uliangalia vifo vya watoto wachanga huko huko Kigoma, kwa kufuata ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Watu wengi wangetarajia kwamba njia ndiyo yenye lawama, maana vipo vijiji vya pwani ya ziwa, kama Kagunga, ambako mgonjwa hutegemea mtumbwi na hali ya mawimbi. Lakini sehemu kubwa ya vifo ilihusiana na ucheleweshaji wa aina ya tatu. Mama alikuwa amekwisha kufika. Kwa mkazi wa Kasingirima, anayeishi mjini, hilo si jambo dogo: kuwa karibu na hospitali si sawa na kuhudumiwa kwa wakati.

Hofu ya kuandika

Kazi zote hizi zina mwanzo mmoja. Kabla ya kifaa chochote, mtu aliketi na daftari, akaandika kila kizazi na kila kifo, kisha akauliza sababu. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Mtoto asiyeandikwa hana anayemtetea siku dawa, wakunga na vifaa vinapogawanywa.

Hata hivyo, wako wanaoona uzito katika kuandika, na hoja zao si za kudharauliwa. Mkunga aliye peke yake usiku, akiwahudumia akina mama kadhaa kwa pamoja, anajua kwamba mtoto aliyefariki baada ya kuzaliwa humletea maswali mengi kuliko yule aliyeandikwa kuwa alizaliwa mfu. Pasipo usalama, kalamu itafuata hofu. Kwa hiyo uchunguzi wa vifo hauna budi kutafuta sababu, wala si mkosaji. Hospitali ikitumia daftari kama fimbo, itapata daftari safi na makaburi yale yale.

Wengine husema kwamba kifo cha kichanga ni amri ya Mungu, na kukihoji ni kukosa subira. Subira ni fadhila kwa mama aliyefiwa. Lakini waumini hao hao hufunga breki za gari na kuwapa watoto wao dawa ya malaria. Tahadhari kabla ya hatari haipingani na imani.

Wajibu wa shule

Yapo mambo ambayo shule ya sekondari yaweza kuyafanya bila ya fedha mpya. Somo la upumuaji katika biolojia lisiishie katika mchoro wa mapafu ya mtu mzima. Liifikie pumzi ya kwanza. Somo la hesabu litumie tarakimu za nchi, ili mwanafunzi ajue kwamba idadi ya vifo haina maana bila ya idadi ya waliozaliwa. Na kila msichana na mvulana atoke shuleni akijua kwamba mtoto asiyelia akaushwe upesi, afunikwe, asuguliwe mgongoni, na aliyefundishwa kutumia mfuko wa hewa aitwe bila ya kupoteza hata nusu dakika. Kumning'iniza miguu juu au kummwagia maji baridi hakumfundishi kupumua; humpotezea wakati na joto.

Miongoni mwa wanafunzi wa Ujiji wanaosoma leo, wamo wakunga na waganga wa kesho, na wengi zaidi watakuwa baba na mama. Usiku mmoja watasimama nje ya mlango wakisikiliza. Sauti ikichelewa, yafaa yule aliye ndani awe amezoezwa na ana mfuko wake mkononi. Na ikiwa hata hivyo mtoto hakuishi, yafaa aandikwe kwa ukweli, ili kifo chake kimsaidie yule atakayezaliwa katika chumba kile kile kesho yake.