Dawa, Jua na Ubaridi wa Usambara

Mgeni apandaye kutoka Mombo hadi Lushoto hudhani kuwa amelikimbia jua. Hewa ni baridi, ukungu umetanda, na koti halimtoki mwilini. Lakini ubaridi wa hewa si kipimo cha ukali wa mionzi. Mionzi ya urujuanimno, iunguzayo ngozi, huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kila tupandapo meta 1,000. Na mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha meta 1,400 hivi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mgonjwa anayetumia dawa. Tauni ilizuka wilayani humo mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Miongoni mwa dawa zinazoitibu ni doksisaiklini, ambayo pia hutumika kukinga malaria. Dawa hiyo ikiwa ndani ya ngozi hunyonya nishati ya mionzi na kuzidhuru seli zilizo jirani. Mkulima aliyeinama shambani huona uso, shingo na mikono vikiwaka moto, kuvimba au kubadilika rangi. Basi husema, "Dawa imenikataa," akaitupa kabla haijamaliza kazi yake.

Kauli hiyo yafaa kuchunguzwa. Madhara ya namna hii kwa kawaida si mzio, bali ni kuungua: huja mapema, na hukoma pale ukosi wa shati unapoanzia. Mzio wa kweli wa dawa na jua huwapata wachache ambao kinga ya mwili wao imekwisha kuizoea dawa na kuikataa. Huo hutokea baada ya siku moja au zaidi, huwasha, na waweza kuenea hata penye nguo.

Kwa maoni yetu, haitoshi mgonjwa kuambiwa "kidonge kimoja kutwa mara mbili." Aongezewe neno moja kuhusu jua: avae kofia na mikono mirefu, afanye kazi asubuhi na jioni, na ngozi ikidhurika arudi zahanati, asijiamulie kuacha dawa. Nanyi walimu, somo la mionzi lisiishie ubaoni. Mwanafunzi anayeujua ukweli huu aweza kumzuia mzazi wake asitupe dawa inayomponya, kwani tauni iliyotibiwa nusu ni hatari kuliko ngozi iliyoungua.