Alifanyalo Muuguzi Usiku, Sheria Ilitambue

Kwa mkazi wa Old Korogwe, safari ya kumfikia daktari usiku ni ya bodaboda tu, kwa kuwa Hospitali ya Magunga imo mjini humo humo. Kwa mkazi wa kijiji cha ndani cha Handeni mambo ni tofauti. Mama aliyembeba mtoto mwenye degedege saa nane za usiku hugonga mlango wa zahanati, na anayemfungulia, mara nyingi, ni muuguzi aliye peke yake. Mama humwita "daktari", na muuguzi huitika. Katika kuitika huko ndimo lilimojificha suala la sera ambalo limeachwa lipite kimya kimya kwa miaka mingi: muuguzi wa kijijini hufanya kazi ambayo hakukabidhiwa, kwa sababu aliyekabidhiwa hayupo.

Kwenye karatasi, hali si mbaya. Ikama ya mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, wakiwamo matabibu na wauguzi. Zahanati za vijijini zinazoifikia hesabu hiyo ni za kutafuta kwa tochi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliahidi zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, na wananchi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao kwa moyo mkunjufu. Kuta zikasimama upesi kuliko watumishi walivyopatikana. (Tofali, likishajengwa, halidai mshahara kila mwisho wa mwezi.) Kisha mwaka 2016 ajira mpya serikalini zikasitishwa ili watumishi wahakikiwe, na waliohitimu vyuo vya uuguzi wakabaki nyumbani na vyeti vyao ilhali zahanati zikiwahitaji.

Muuguzi aliyebaki zamu ndiye anayeziba mwanya huo. Humpima mtoto malaria kwa kipimo cha haraka, huamua kama homa ni kali, huchagua dawa, hukadiria dozi kwa uzito, kisha huanza kutafuta gari la rufaa. Kumwandikia mgonjwa dawa, kwa jumla, ni kazi ya tabibu na daktari. Muuguzi wa Tanzania ameruhusiwa sehemu yake tu kupitia miongozo ya huduma maalumu, kama ile ya VVU na uzazi wa mpango. Sheria ya Uuguzi na Ukunga Na. 1 ya mwaka 2010 ilimpa usajili, leseni na Baraza la kumwajibisha. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini usiku ule wa degedege humwacha mahali pagumu: mtoto akipona, daftari la zahanati halioni kuwa limetendeka lolote la ajabu, mtoto akifa, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyemruhusu kutoa dawa ile. Mtu mmoja hawezi kutegemewa na kushukiwa kwa kitendo kilekile.

Jibu halihitaji kutafutwa mbali na Korogwe. Magunga ilikuwa miongoni mwa hospitali za Afrika zilizoshiriki katika utafiti mkubwa uliolinganisha artesunate na kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 walihusishwa katika nchi 9, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kwa takriban asilimia 22 kwa waliopewa artesunate. Korogwe ilikuwa pia kituo kimojawapo cha majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Kazi za namna hiyo haziendi bila wauguzi. Na katika majaribio ya tiba kuna kanuni moja ambayo wasimamizi wa huduma za kawaida wangefaa kuiazima: kila mtumishi huandikwa katika orodha inayotaja kazi aliyokabidhiwa, mafunzo aliyopata kwa kazi hiyo, na saini ya daktari aliyemkabidhi. Muuguzi wa utafiti anajua mpaka wake ulipo. Mwenzake wa zahanati, anayechoma sindano ya dawa ileile, hana karatasi kama hiyo.

Majirani wamethubutu. Uganda, tangu mwaka 2004, imewaruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya huduma shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini ya kunywa, dawa ambayo kwingine hata daktari huiandika kwa kusitasita. Tanzania yenyewe si mgeni wa fikra hii. Kuanzia mwaka 1963 iliwafundisha madaktari wasaidizi, na wengi wao wamewapasua akina mama wenye uzazi pingamizi katika hospitali za wilaya ambazo zisingempata daktari bingwa.

Wapo madaktari wanaohofia kuwa ruhusa hiyo itazidisha matumizi holela ya antibiotiki na usugu wa vimelea. Hofu hiyo ni ya haki, ila imechelewa. Dawa hizo zinatolewa na wauguzi tayari, na mahali pengine na wahudumu wa afya wenye mafunzo mafupi zaidi. Lililobaki kuamuliwa ni kama zitatolewa kwa mafunzo na usimamizi au kwa kubahatisha. Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wauguzi wenyewe. Wanauliza, na wana sababu, kama ruhusa hiyo haitakuwa njia ya kuwatwika kazi ya tabibu kwa mshahara uleule, huku serikali ikipata kisingizio cha kutoajiri matabibu. Kwa hiyo ruhusa bila nyongeza ya malipo, bila nyumba ya mtumishi karibu na zahanati, na bila namba ya simu ya daktari wa wilaya anayewajibika kupokea usiku, ingekuwa dhuluma iliyovikwa joho la heshima.

Wizara na Baraza wanaweza kuanza na orodha fupi: malaria kali kabla ya rufaa, degedege, kutokwa damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, nimonia ya mtoto. Kila hali iwe na dawa yake, dozi yake na mafunzo yanayorudiwa kila baada ya muda uliowekwa. Halmashauri ziitie saini kwa jina la kila muuguzi. Na nakala ibandikwe ukutani mwa zahanati, kwa Kiswahili, ili mama wa saa nane za usiku asome mwenyewe kuwa aliyemfungulia mlango ni muuguzi, na kwamba dawa anayompa mwanawe ameruhusiwa kuitoa.