Fedha za Wakulima Humfikia Nani?

Ifuateni asubuhi na mapema ile barabara inayotoka Uvira kwenda Luvungi. Mtawakuta mama zetu, jembe begani, mtoto mgongoni, wanakwenda katika mihogo, mahindi na mpunga wa bonde la Ruzizi. Waulizeni: nani kati yenu amepata kutiwa mkononi fedha au mbolea ya serikali? Sisi tunajua watakavyojibu. Watacheka.

Ahadi hazikukosekana. Mwaka 2003, huko Maputo, wakuu wa Afrika walikubaliana kutenga 10 kwa mia ya bajeti kwa ajili ya kilimo. Kongo haikutimiza. Tarehe 24 Desemba 2011 ikatolewa sheria ya kilimo. Ikataja hazina ya taifa ya kuwasaidia wakulima, tena ikasamehe ushuru wa forodha kwa mbolea na zana zitokazo nje. Msamaha mzuri! Ila anayesamehewa ni yule aletaye shehena bandarini. Mama wa Sange haleti kitu bandarini. Yeye hubeba kikapu cha mihogo kwenda sokoni, na vizuizi vya njiani humdai chao.

Je, fedha hazikuwapo? Zilikuwapo. Mwaka 2014 ilifunguliwa Bukanga Lonzo, shamba la hektari 80,000 upande wa Kinshasa, ati lilishe taifa. Mwaka 2017 lilikuwa limekwisha kuachwa. Wakaguzi wa fedha wa serikali walipofungua vitabu mwaka 2020, walisema kwamba katika dola milioni 285 zilizotolewa, milioni 205 hivi zilipotea njia. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ya kulazimishwa; mwenyewe alikana makosa. Nasi tulizoea kuambiwa kwamba mkulima mdogo hafai kupewa fedha, atanywea pombe. Haya, na tuhesabu: ni mitungi mingapi ya pombe itakayomaliza dola milioni 205?

Lakini tusijidanganye kwamba msaada ukifika kijijini tu, basi kazi imekwisha. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, serikali iligawa vocha za mbolea na mbegu mwaka 2008, na kamati za vijiji ndizo zilizochagua wa kupewa. Wachunguzi walipotazama mkoani Kilimanjaro, waliona kwamba vocha kama 60 katika kila 100 ziliingia nyumbani mwa viongozi wa vijiji wenyewe. Hao hawakuwa mawaziri wa mbali. Walikuwa jirani wenye kushika kalamu.

Hata Ulaya mambo hayako sawa: 80 kwa mia ya malipo ya kilimo huenda kwa 20 kwa mia ya wapokeaji, maana mwenye hektari nyingi hulipwa zaidi. Walakini wana jambo moja linalofaa kuigwa. Majina ya wapokeaji wakubwa, pamoja na kiasi walicholipwa, hutangazwa, na raia yeyote aweza kuyasoma.

Hilo ndilo tunalolidai hapa kwetu. Magunia ya mbolea yakija, orodha isomwe siku ya soko, Sange, Luberizi na Luvungi, kabla gari halijapakuliwa. Tena liandikwe jina la anayelima, si la mwenye hati tu. Wengi bondeni hulima shamba la kukodi. Na mara nyingi mume ndiye aandikwaye, hali mke ndiye aliyepanda na kupalilia.

Wako watakaosema kwamba kusoma majina huleta wivu. Wivu upo tayari, umezaliwa na minong'ono. Mwenye haki ya gunia lake ataona haya gani kuitwa mbele ya jirani zake? Na jina la shefu likisomwa mara tatu, watu wanajua kuhesabu.