Mpiga Udi wa Mtaa wa Pili

Kwa heshima zote, nina neno na jamaa zetu wanaoandaa harusi hapa Maskati, na hata wale wa Dubai na London. Tumezoea sasa kumwajiri kijana mwenye mashine, akasimamisha maspika manne marefu kama makabati, na nyimbo za Unguja zikatoka humo kwa kishindo hata mtu asiweze kumsalimu shemeji yake aliyeketi ubavuni. Na huku, mtaa wa pili tu, yupo mpiga udi wa watu wetu (nasema udi wa kupiga, si wa kufukiza) ambaye hajapata kurekodi hata wimbo mmoja, wala hajulikani nje ya majlisi tano au sita. Huyo hatumwiti.

Taarab asili yake ni neno la Kiarabu, tarab, na maana yake si ala wala kikundi. Ni ile hali ya moyo kutikisika kwa sauti, iwe kwa furaha au kwa huzuni. Hali hiyo inahitaji watu wawili, mwenye kuimba na mwenye kusikiliza. Mpiga udi anapoanza taksimu huziangalia nyuso. Akimwona mzee amefumba macho, hukaa papo hapo kwenye makamu ile asiihame upesi, mtu akisema "Allah!", ubeti hurejewa, na mara ya pili hauwi kama mara ya kwanza. Unguja bibi huinuka akaenda kutunza, na ukumbi mzima ukajua ubeti ule umempata nani. Spika haimwoni mtu. Ingeliimba vilevile lau ukumbi ungelikuwa mtupu.

Hunijibu baadhi ya vijana kwamba wenye vipaji walikwisha rekodiwa, na asiyerekodiwa hakustahili. Hoja hii haisimami. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911. Santuri zake za kwanza zilinaswa Bombay mwaka 1928. Katika miaka hiyo kumi na saba, nani aliyemlea katika sanaa yake ila wale waliokuwa naye ana kwa ana, waliompigia ala na waliomsikiliza? Hata santuri za zama zile upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, basi wimbo mrefu ilibidi ufupishwe. Tulichorithi sisi kwenye santuri ni kipande.

Huyu mzee wetu alijifunza kwa baba yake. Vidole vimeanza kuwa vizito na sauti imekwaruza, sitaki kuwahadaa. Lakini usiku mmoja, katika majlisi ya ndugu yetu huko Seeb, aliimba wimbo wenye neno "kiambaza", na binti wa miaka kumi na moja, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokota jikoni kwa bibi yake, akauliza kwa sauti, "Babu, kiambaza ni nini?" Mzee akanyamaza, akaulaza udi mapajani, akamweleza: ni ukuta, mwanangu, na akamsimulia kiambaza cha nyumba ya bibi yake kule Malindi, vidaka vyake, chokaa iliyokuwa ikibanduka wakati wa masika, na taa iliyokuwa ikiwekwa kwenye kidaka cha tatu. Kisha akaurudia wimbo tangu mwanzo. Mtoto yule hakuushika simu tena. Nami niliona watu wazima wawili, waliochukuliwa Unguja wakiwa wachanga baada ya 1964, wakifuta macho bila ya kuficha.

Wapo katika ukoo wetu wasiopenda ala kabisa, nao nawaheshimu. Maneno haya nawaambia wale ambao muziki wanaupiga kwa vyovyote.

Oman imefanya sehemu yake: ipo jumuiya ya wapenzi wa udi tangu 2005, na jumba la opera tangu 2011. Nyimbo za Kiswahili za nyumbani kwetu hatuwezi kuwaachia wao. Na tukimwita mzee, tumlipe. Nilikuwa karani maisha yangu yote, na karani hupenda kuona tarakimu: ujira wa usiku utajwe kabla, alipwe yeye na mwenye fidla na mwenye dumbak, na usafiri wao juu yetu. Sahani ya biriani na "ahsante, ami" si malipo. Mwenye kutaka kumrekodi aombe ruhusa, na simu aiweke pembeni, asimsogezee usoni.

Harusi yetu ijayo ni mwezi wa Shawwal. Nimekwisha zungumza na baba wa bibi harusi. Bado hajakubali, anachelea kwamba wageni mia tatu hawatasikia. Nimemwambia awaketishe karibu karibu.