Jiwe la Kilimanjaro kwenye jumba la Kaiser

Wadau, Januari nilikuwa Ujerumani kikazi. Siku ya mapumziko nikapanda treni kutoka Berlin hadi Potsdam kuiona bustani ya Sanssouci, ile ya wafalme wa Prussia. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Sanamu za marumaru wamezifungia kwenye vibanda vya mbao zisipasuke kwa barafu, basi unapita katikati ya masanduku kama uko bandarini. Kajumba ka Friedrich wa Pili, kalikojengwa 1745 hadi 1747, nilikatazama kwa nje tu. Kilichonipeleka kilikuwa mwisho wa bustani.

Huko ndiko liliko Neues Palais, jumba la vyumba zaidi ya 200 lililokamilika 1769. Kaiser Wilhelm wa Pili aliishi humo mpaka utawala wake ulipoanguka 1918. Yaani wazee wetu walipokuwa wanapigana Majimaji, mwenye nyumba alikuwa yeye. Ndani kuna ukumbi ambao kuta zake zote zimepambwa kwa makombe ya baharini na mawe ya kila aina. Hans Meyer alipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 alikipa jina la Kaiser, akarudi na jiwe, nusu yake akampa bosi. Likabandikwa ukutani humo. Baadaye likapotea, na lililowekwa badala yake wataalamu wakagundua wala si la Kilimanjaro!

Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akanigeukia.

Kuna wanaosema tudai jiwe letu. Mimi sikubaliani. Mlima upo na mawe yapo tele. Tukimaliza pumzi kwa jiwe tutakuwa tumewapa njia rahisi ya kuonekana waungwana: sherehe, picha, kupeana mikono, basi. Mangi Meli wa Old Moshi walimnyonga mwaka 1900, na familia yake imehangaika miaka na miaka kutafuta kichwa chake, kinachoaminika kililetwa huku huku Ujerumani. Songea Mbano naye, aliyenyongwa 1906, hadithi ni ile ile. Rais Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Hiyo ndiyo ahadi ambayo sisi waandishi tunatakiwa kuiulizia kila mwaka, Berlin na Dodoma pia, maana siku ile tuliandika kurasa za mbele na wiki iliyofuata tukarudi kwenye mpira. Mimi mwenyewe nikiwemo.

Anayeona nimekosea kuhusu lile jiwe, karibu tubishane.