Basari Si Sadaka

Nina saiba ndogo hapa Kibwezi, karibu na steji. Kompyuta nne, mashine moja ya fotokopi, na viti vya plastiki ambavyo wateja hukalia wakisubiri. Nyumbani kwetu ni Ikutha, ng'ambo ya Mto Athi, kaunti ya Kitui. Kwa hivyo wateja wangu ni wa pande zote mbili: wa Makueni wanaotoka Makindu na Mtito Andei, na wa Kitui wanaoshuka na barabara ya lami kutoka Mutomo. Kila mwaka ikifika Agosti kazi yangu ni moja tu, fomu. Fomu ya mkopo, fomu ya ufadhili, fomu ya basari ya kaunti, fomu ya basari ya eneobunge. Nimejaza nyingi hata naweza kukuonyesha macho yakiwa yamefumbwa mahali chifu anapopiga muhuri.

Basi ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu. Na ninasema hivi: pesa za kusomesha watoto wetu zipo, zimetoka kwenye kodi yetu, lakini zimekatwakatwa vipande na kila kipande kikapewa mwenyewe. Sisi tukabaki kuzunguka na bahasha ya kaki, tukiomba kilicho chetu.

Tuanze na hesabu. Mimi nilisoma wakati mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu na serikali alikuwa akilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo wa HELB ukimsaidia kwa karo na chakula. Nilikopa, na mpaka leo nalipa kidogo kidogo. Silalamiki. Mkopo una riba ya asilimia 4, una tarehe, una risiti. Hakuna mtu aliyenipigia picha nikiupokea.

Mwezi Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya. Kila kozi sasa ina bei yake, na mwanafunzi anapangwa kulingana na uwezo wa nyumbani kwao. Tangu 2024 makundi ni matano, watu huyaita bendi. Mwaka 2024 wa bendi ya kwanza alipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia ilitoa asilimia 5. Wa bendi ya tatu, familia ilitoa asilimia 20. Wa bendi ya tano, asilimia 40. Chukua kozi ya 200,000 kwa mwaka, ambayo haikuwa ghali kwa bei za wakati huo. Bendi ya kwanza, mzazi atafute 10,000. Bendi ya tatu, 40,000. Bendi ya tano, 80,000. Mwaka 2023 mamangu aliuza mbuzi sokoni kwa shilingi 3,500. Kwa bei hiyo bendi ya tatu ni mbuzi 12 kila mwaka, kwa miaka minne. Nionyeshe boma Ikutha lenye mbuzi 48 wa kuuza na bado watu wakala.

Sasa, ni nani anayejua wewe ni wa bendi gani? Kompyuta. Unajaza fomu kwenye mtandao, inauliza wazazi wanafanya kazi gani, wanapata kiasi gani, wangapi wanasoma. Siku moja mama mmoja alikaa hapa na binti yake. Nikamuuliza, "Mama, kwa mwezi unapata kama pesa ngapi?" Akanitazama, akacheka. "Mwezi upi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Kwetu mvua tunayoitegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu tunavuna mwaka mpya ukishaingia. Ukimuuliza Februari baada ya mvua nzuri, ana magunia. Ukimuuliza Septemba, ghala ni tupu, mbuzi wamekonda na kila mtu anauza kwa wakati mmoja, kwa hivyo bei imeanguka. Na karo inaitishwa lini? Mwisho wa Agosti na Septemba, wakati hasa ambapo Ukambani hakuna kitu mfukoni. Ukiandika sifuri kwenye fomu, utaambiwa unadanganya. Ukiandika ya Februari, umejipandisha bendi mwenyewe.

Kumbuka pia wale wa kwanza kuingia kwenye mfumo huu mwaka 2023 walitoka wapi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za maeneo kame ya Kenya, na kwetu tuliionja. Mtoto aliyefanya KCSE mwisho wa 2022 alisoma sekondari huku nyumbani wakiuza mifugo kulipa karo. Alipofika chuo akaambiwa familia ina ekari kumi za ardhi. Ndiyo, inazo. Ekari kumi za vumbi.

Hapo ndipo basari inapoingia. Ukibaki na pengo la 40,000, unaambiwa kuna basari. Wacha nikueleze ya mdogo wangu. Fomu ilichukuliwa katika ofisi moja, ikapelekwa kwa naibu chifu, ambaye hakuwepo. Siku ya pili alikuwepo, lakini muhuri ulikuwa kwa chifu. Ikatakiwa nakala ya kitambulisho cha mama, nakala ya cheti cha kifo cha baba, barua ya kanisa, matokeo ya muhula, muundo wa karo kutoka chuoni. Boda boda mara tatu, matatu mara mbili, fotokopi nilimpigia bure. Ilimgharimu mama shilingi 1,150 na siku nne za shamba. Baada ya miezi mitano jina likatoka: shilingi 5,000. Hundi iliandikwa kwa jina la chuo, na ilipofika, mtihani wa muhula ulikuwa umepita. Alikuwa ameufanya kwa sababu tulikopa kwenye chama cha akina mama.

Na hiyo 5,000 haikutumwa kimyakimya. Iliitiwa mkutano. Kulikuwa na hema, spika, na hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Wazazi waliketi juani tangu saa tatu. Mgeni wa heshima akafika saa nane. Mama zetu wakasimama kucheza na kuimba wakimshukuru mtu kwa kuwapa pesa zao wenyewe. Mimi nilikuwepo. Na mimi nilipiga makofi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Usinielewe vibaya. Simlaumu mzazi anayecheza. Usimtukane mamba kabla ya kuvuka mto, na mto wa karo una miaka minne. Ninachopinga ni mpango unaomfanya avuke kwa hisani ya mamba.

Tena mpango wenyewe haukusimama hata mbele ya Mahakama Kuu. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya hazina ya maeneobunge, NG-CDF, inakiuka Katiba, ikatoa muda hadi Juni 30, 2026. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita akasema mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu nao unakiuka Katiba, unabagua, na wananchi hawakuhusishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufaa. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, akaziambia kaunti ziache kutoa basari mpaka ziwe na makubaliano na serikali kuu, kwa kuwa kikatiba elimu ya chuo kikuu si jukumu la kaunti. Kaunti zimepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Magavana wakalalamika, mambo yakaenda kortini. Miezi hiyo simu yangu haikupumzika: "Dada, zile pesa zetu zimefikia wapi?" Kila upande ulikuwa na mawakili wake. Mwanafunzi hakuwa na wakili.

Najua jibu litakalokuja: "Ukiondoa basari ya mbunge na ya MCA, mtoto wa Kyuso au wa Kathonzweni atajulikana na nani huko Nairobi?" Ni swali la haki. Kompyuta ya Nairobi haimjui mama aliyeniuliza mwezi upi. Lakini kijiji kinamjua. Hapo ndipo tumekosea: tumechanganya kumjua mhitaji na kushika pesa. Ni kazi mbili. Kijiji kifanye ya kwanza, na mwanasiasa asifanye ya pili.

Wala si ndoto. Hapa Makueni, tangu enzi za gavana Kivutha Kibwana, watu wamekuwa wakikaa kwenye baraza za vijiji kuamua kama wanataka kisima, zahanati au barabara, kisha mapendekezo yanapanda hadi wadi na kaunti. Watu wanaoweza kupanga bwawa hawashindwi kusema nyumba ya nani imepoteza mifugo. Na kabla ya kaunti kuwepo tulikuwa na mwethya: leo tunachimba matuta kwenye shamba lako, kesho kwangu. Kwenye mwethya kila mtu anamjua mnyonge ni nani, na hakuna anayempigia spika.

Basi ninataka hivi. Pesa zote za umma za chuo kikuu, ziwe za ufadhili, za kaunti au za eneobunge, ziingie kapu moja. Baraza la kijiji likae mwezi wa Juni na kuthibitisha hali ya kila nyumba, na neno lake liweze kubadilisha bendi ambayo kompyuta imetoa. Pesa ziende chuoni moja kwa moja kabla masomo hayajaanza. Na pale ambapo familia lazima ichangie, iruhusiwe kulipa sehemu kubwa Februari au Machi, baada ya mavuno, bila mtoto kunyimwa kadi ya mtihani. Hilo la mwisho halihitaji hata shilingi moja zaidi. Linahitaji tu mtu wa Nairobi ajue mvua yetu inanyesha lini.

Utasema baraza nalo litakuwa na upendeleo, wazee watawapendelea jamaa zao. Huenda. Lakini upendeleo wa baraza unafanyika mbele ya majirani, na jirani ana mdomo. Upendeleo wa ofisini unafanyika mlango ukiwa umefungwa. Utasema pia ni aibu mtoto kutajwa hadharani kuwa maskini. Kweli, ni aibu. Lakini ametajwa tayari, kwa spika, chini ya hema, akiwa ameshika kona ya hundi ya kadibodi.

Agosti nyingine inakuja. Wateja wangu huniomba pia niwachapie barua za shukrani kwa mheshimiwa, shilingi 50 kwa ukurasa, na nimechapa nyingi. Kuanzia mwaka huu sichapi tena. Ukitaka barua ya kuuliza ni pesa ngapi zilitengewa wadi yenu, zilimfikia nani na lini, njoo ukae. Hiyo nitakuchapia bure, na fotokopi juu yake.