Wimbo wa Mamba Si Utani

Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019, kibanda umiza kimoja jirani na stendi ya Makambako kilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Taifa Stars walikuwa Dar es Salaam wanacheza na Uganda, na sisi huku juu tulikuwa tunasubiri kitu ambacho taifa lilikuwa halijakipata tangu 1980: tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika. Simon Msuva akafunga. Erasto Nyoni akaongeza kwa penalti. Aggrey Morris alipopachika la tatu, mtu mmoja huko nyuma akaanzisha wimbo, na kabla hajafika mwisho wa mstari wa kwanza kibanda kizima kilikuwa kinaitikia, miguu ikikanyaga sakafu kwa mwendo wa mchakamchaka.

Sina haja ya kuuandika. Aliyepita shule ya msingi katika nchi hii anaujua. Ni ule wa kumtupa Iddi Amin mto Kagera awe chakula cha mamba.

Benchi la pili kutoka mbele alikaa Mganda. Anafundisha shule moja ya mchepuo wa Kiingereza pale mjini, na watu wote wanamwita Ticha. Alikuwa amevaa jezi ya timu yake, koti juu yake kwa sababu ya baridi. Uganda walikuwa wamekwisha kufuzu, kwa hiyo hakuwa na presha. Mabao mawili ya kwanza alitupigia makofi. Wimbo ulipoanza mikono ikatulia magotini. Kijana aliyekaa naye akamgonga bega: "Ticha, usikasirike bwana, utani tu huo." Akatabasamu. Kisha akavuta zipu ya koti mpaka shingoni, jezi isionekane tena, akatazama mpira hadi filimbi ya mwisho.

Nilikuwa nyuma yake. Na mimi nilikuwa nimeitikia.

Makala hii inahusu sentensi ya yule kijana. Utani tu huo. Imani hii imeenea kila mahali: kwamba mpira ni mpira, kwamba shabiki akishaingia uwanjani au kibandani anaruhusiwa kuimba lolote, kwamba mgeni anaelewa na hata anafurahi, na asiyefurahi ana roho ndogo. Magazeti ya michezo yanaandika vita, jeshi, kufa au kupona. Kila Taifa Stars wakikutana na Uganda, yale maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya kutangaza vita dhidi ya Amin, kuhusu sababu, uwezo na nia yanasambazwa kwenye simu kana kwamba yalitungwa kwa ajili ya kona na penalti. Ukiuliza, unajibiwa: utani.

Basi tuzungumze habari za utani, maana hapa Njombe tunaujua kuliko wengi.

Karne ya 19 Wangoni walivamia Ubena, wakachoma, wakateka watu na ng'ombe. Wazee wa pande zote mbili walikufa katika hayo. Leo Mbena na Mngoni ni watani. Mngoni akipita msibani kwa Mbena, anaweza kumdhihaki marehemu, kujilaza njiani jeneza lisipite, kuficha majembe ya kuchimbia kaburi mpaka apewe chochote. Hakuna anayemkemea. Lakini tazama anachofanya baada ya hapo: analichukua lile jembe na kuchimba. Anabeba maji. Analala matangani. Matusi yake yamelipiwa kwa jasho, na mwezi ujao Mbena atakuwa Songea, msibani kwa yule Mngoni, akirudisha deni kwa maneno yale yale. Damu ya zamani iligeuzwa kicheko kwa makubaliano, na makubaliano hayo yalichukua vizazi, kwa kuoana na kuzikana.

Ndiyo maana Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi na jina likawakaa. Wanaishi nyumba moja. Mume Yanga, mke Simba, watoto wamegawana. Usiku wa kichapo unapita na asubuhi chai inanywewa pamoja. Hata timu yetu ya Njombe Mji na Majimaji ya Songea, zilizoshuka daraja pamoja mwaka 2018, zingeweza kurushiana kila neno la vita vya mababu zetu na hakuna ambaye angeumia, kwa sababu mkataba upo. Na Majimaji yenyewe imebeba jina la vita, vita ambavyo sisi pia tulikuwamo: mwaka 1905 watu wa chifu wetu Mbeyela waliishambulia misheni ya Wajerumani pale Yakobi, karibu kabisa na Njombe mjini. Jina lile ni letu sote.

Sasa niambie: mkataba wetu na Waganda ulifungwa lini? Ni msiba gani wa Masaka tulioenda kuchimba kaburi? Utani unataka mtani. Ukimtania mtu asiyekuwa mtani wako, Kiswahili kina neno jingine kwa jambo hilo, nalo ni tusi.

Nasema Masaka kwa makusudi. Baada ya mechi ile nilimfuata Ticha nje, tukasimama kwa mama anayeuza chai ya tangawizi kando ya barabara ya Njombe. Sikujua nimwambie nini, nikamuuliza kwao ni wapi. "Masaka," akasema. Akakaa kimya kidogo. "Babu yangu walimchukua watu wa Amin, mwaka 77. Hakurudi. Halafu nyumba yetu ikavunjwa na mabomu, mama yangu akiwa na miaka tisa. Sasa ule wimbo, mnaniimbia mimi kama nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu maneno yake yote mawili ni kweli na sisi tumefundishwa nusu tu. Amin aliwaua Waganda kwa makumi ya maelfu, na wapo wanaohesabu laki tatu, kabla hajavuka mpaka kuja kwetu mwishoni mwa Oktoba 1978. Na jeshi letu, baada ya kuona watu wa Kagera walivyouawa na daraja la Kyaka lilivyolipuliwa, liliiteka Masaka Februari 1979 na kuivunja kwa mizinga na baruti. Mbarara vilevile. Historia imeyaandika, na si siri kwa mtu yeyote aliyetoka huko. Siandiki haya kuwavunjia heshima askari wetu. Walienda kuokoa nchi na wengine wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Naandika kwa sababu mtoto wa Masaka akisikia Watanzania wanaimba wimbo wa vita kwa mwendo wa kijeshi, yeye hasikii Msuva wala Nyoni. Anasikia mlio ambao mama yake alimsimulia.

Kuna jambo jingine ambalo Mtanzania ni vigumu kulifikiria. Kwetu Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni, ya kanisani. Kwa Waganda wengi wa rika la wazazi wa Ticha, hasa wa Buganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani. Ndiyo iliyotumika kukuamuru ushuke kwenye gari. Mwaka 1973 Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Nchi ile imehangaika miaka mingi kukisafisha Kiswahili na harufu ya bunduki. Julai 2022 tu ndipo baraza lao la mawaziri lilipopitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Sisi, wenye lugha, tunakirudisha kwenye buti.

Najua nitajibiwa kwamba wimbo unamsema Amin, hauwasemi Waganda. Hoja hii ndiyo ya kwanza kutolewa na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kama unamsema Amin, mbona unaimbwa Uganda wakifungwa? Ticha ana uhusiano gani na Amin, zaidi ya kwamba Amin alimfanya mama yake yatima? Na Amin mwenyewe wimbo haukumpata. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akaishi huko miaka mingi, akafa hospitalini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Wote walioishia Kagera walikuwa watu wengine, wa pande zote mbili.

Tena siku ile ile tuliyokuwa tunakanyaga sakafu kibandani, 24 Machi, ilikuwa imetimia miaka 40 kamili tangu Waganda waliokuwa uhamishoni walipofungua mkutano wao Moshi, mwaka 1979, kuunda umoja wa kuiongoza nchi yao Amin akishaondoka. Na wapo Waganda waliopigana mstari wa mbele, bega kwa bega na vijana wetu: Tito Okello na David Oyite-Ojok na Kikosi Maalum chao, Yoweri Museveni na watu wake. Kampala ilipoanguka Aprili 11, watu walitoka mitaani kuwashangilia Watanzania. Vita vile tulipigana pamoja na Waganda dhidi ya mtu aliyekuwa akiwaua. Wimbo tunaouimba umewafuta hao wote, umebakiza mto na mnyama.

Kwa hiyo naikataa pia ile hoja ya pili, kwamba nyimbo hizi zinawafundisha watoto historia. Mimi niliimba wimbo ule miaka yote saba ya shule ya msingi, Njombe, asubuhi za Juni na Julai umande ukiwa umeganda kwenye nyasi, miguu peku, mvuke ukitoka mdomoni. Niliuimba kwa sababu ukiimba unapata joto. Sikujua vita vilianza mwaka gani. Sikujua Moshi, sikujua Kaboya. Nilijua mamba.

Aliyejua alikuwa baba yangu mkubwa. Alitoka huku kijijini akiwa mgambo, akafika mpaka ng'ambo ya Kampala. Tulipokuwa watoto tukaupiga ule wimbo uani kwake, alisimama kutoka kwenye kigoda, akaingia ndani. Hakutukataza. Siku nyingine, tukiwa tunamenya viazi, alisema maneno ambayo ni karibu yote niliyowahi kumsikia akiyasema kuhusu vita: "Wale watu walitupikia matoke." Miaka mingi nilidhani anazungumzia chakula.

Tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Waingereza wana wimbo wao wa kuhesabu ndege za Wajerumani zinazodunguliwa, na wanausafirisha kila Uingereza ikikutana na Ujerumani. Chama chao cha soka kimewasihi waache, na bado upo. Kabla ya Euro 2024, iliyofanyika Ujerumani kwenyewe, maombi yalirudiwa. Polisi wa Ujerumani walisema kuimba si kosa kisheria, wakawaomba wageni wawe na adabu. Watetezi wa wimbo wanasema Wajerumani hawajali. Labda wengi hawajali. Nchi yao ndiyo iliyoanzisha Vita vya Pili vya Dunia na wamelikiri hilo shuleni na bungeni kwa miongo. Hata kwetu walikuja kukiri: Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba radhi kwa yale ya Majimaji. Lakini mfano huo haumsaidii anayemwimbia Ticha. Mjerumani anaimbiwa kosa la dola yake. Ticha anaimbiwa jina la mtu aliyemuua babu yake.

Na anaimbiwa na watu wanaowashangilia Waganda kila wiki. Kibanda kile kile kilimpenda Emmanuel Okwi. Kimeimba jina la Khalid Aucho akiwa katikati ya Yanga. Hamis Kiiza alivaa jezi zote mbili, na Makambako iligombana kwa ajili yake. Tunawataka Waganda wakitufungia, halafu wakivaa jezi ya kwao tunawakumbusha mto.

Mwaka 2027 fainali za Mataifa ya Afrika zitachezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Mabasi yatapita stendi ya Makambako yakiwa na bendera, na safari hii baadhi ya mashabiki watakwenda mpaka Kampala. Watapita Masaka, barabara ya kutoka Mutukula inapita pale pale. Nawaomba viongozi wa matawi ya mashabiki wa Njombe na Makambako, na ninyi wenye vibanda, na ninyi walimu ambao bado mnawaanzishia watoto wimbo ule asubuhi: uacheni. Tuna ngoma za Kibena za kutosha kushangilia mabao kumi. Tuna matusi halali ya kumtupia mwamuzi. Na mtu akiuanzisha nyuma ya kibanda, aliye karibu naye asiitikie. Wimbo wa kuitikia hufa kwa mtu mmoja kukaa kimya, kisha wa pili.

Ticha bado anafundisha Makambako. Mechi za Simba na Yanga anakuja kibandani kama kawaida, na ana timu yake kati ya hizo mbili. Uganda wakicheza na Tanzania, anatazamia nyumbani.